Mwiko Upakuao na Mwiko Ukatazao

Katika Kiswahili neno mwiko lina maana mbili. Mwiko ni kifaa cha mti kisongacho ugali na kupakua wali. Na mwiko ni katazo, jambo ambalo desturi haimruhusu mtu kulitenda. Wa kwanza hukaa jikoni, wa pili hukaa moyoni. Wa kwanza humfikishia mtu chakula, wa pili humwambia chakula gani asile, na nani asile naye. Masikio yaliyozoea lugha hii hayaoni ajabu miiko hiyo miwili kuitwa jina moja. Walakini upo mji mdogo ng'ambo ya Bahari ya Hindi ambako mgeni akiketi kula huiona yote miwili imeshikwa na mkono mmoja. Hapo huzuka swali lisilohusu India peke yake: Je, amlishaye mtu amekwisha kumheshimu?

Mji huo ni Udupi, katika jimbo la Karnataka, pwani ya magharibi ya India. Uko mwendo wa kilomita 60 hivi kaskazini ya bandari ya Mangalore, na kilomita chache kutoka ufuko wa Malpe, ambako mashua za wavuvi hutia nanga. Wenyeji wengi husema Kitulu na Kikannada. Mji wenyewe si mkubwa, lakini sifa zake mbili zimekwenda mbali kuliko mipaka yake: hekalu la Krishna, lililoasisiwa na mwanafalsafa Madhva katika karne ya 13, na chakula. Sifa hizo mbili kwa kweli ni moja, maana mapishi yaliyoupa mji jina yalilelewa katika jiko la hekalu. Krishna wa Udupi huitwa Anna Brahma, jina lenye maana kwamba chakula chenyewe kina uungu ndani yake.

Ili swali lisielee hewani, na uchukuliwe mfano wa msafiri atokaye Mkwajuni. Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa wa jina hilohilo ulioundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Ni nchi ya machimbo ya dhahabu, na maji makubwa yaliyo karibu nayo ni Ziwa Rukwa, si bahari. Mtu wa huko akishuka garini Udupi, akasikia lugha asiyoijua na kuona maandishi asiyoweza kuyasoma, atajiona mgeni wa wageni. Lakini atakapoonja mchuzi wa kwanza ulimi wake utashtuka, kwa sababu utakutana na jina la kwao. Uchachu wa mchuzi ule ni ukwaju. Mkwaju ni mti wa asili ya Afrika. Ulivuka bahari zamani sana ukastawi India, na Waarabu wakaliita tunda lake tamr hindi, yaani tende ya India. Wazungu wakalirithi jina hilo, na wataalamu wa mimea wakaliandika katika vitabu vyao kuwa Tamarindus indica. Basi mti wa Afrika hujulikana ulimwenguni kwa jina la nchi iliyoukaribisha. Hili ni funzo la kwanza la safari: kikaribishwacho kwa moyo mmoja huwa cha mwenyeji, hata asili yake ikasahauliwa.

Na katika Udupi hata anayeabudiwa ni mgeni. Masimulizi ya hekalu yasema kwamba chombo kilichotoka Dwarka, katika Gujarat, kilipatwa na dhoruba karibu na Malpe. Madhva, aliyekuwa ufukoni, akapunga nguo yake, na chombo kikaokoka. Nahodha akataka kumtunza mali. Madhva akachagua pande la udongo lililopakiwa kuwa farumi, uzito wa kukituliza chombo majini. Ndani ya udongo huo ikaonekana sanamu ya Krishna. Mwenye imani ataisadiki habari hii na mwenye shaka ataitilia shaka, lakini kwa mwanafunzi wa maadili maana yake haifichiki. Mji huu wajieleza kuwa ulimpokea mgeni kutoka baharini, na kwamba baraka yake ililetwa katika kitu ambacho macho ya biashara hayakukithamini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili.

Pwani hiyohiyo ya Gujarat ndiyo iliyowatoa wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar, waliosafiri kwa pepo za kaskazi hadi Unguja na Mombasa, na baadaye Dar es Salaam. Walijenga mahekalu yao, wakaja na mapishi yao. Mahekalu yalibaki kuwa ya wenyewe. Lakini chapati, bajia na achari zilitoka mlangoni zikashika njia ya bara. Leo mchimbaji wa Mkwajuni alaye chapati kwa maharage asubuhi hafikiri hata kidogo kwamba chakula hicho, pamoja na jina lake, vilivuka bahari. Chakula huvuka mpaka kabla watu hawajakubaliana kuuvuka.

Kuzunguka hekalu la Krishna zipo nyumba nane za watawa, nazo hushika zamu ya kuliendesha. Hapo kale zamu ilikuwa ya miezi miwili. Mapokeo humtaja mtawa Vadiraja, wa karne ya 16, kuwa ndiye aliyeifanya miaka miwili. Hivyo kila nyumba imalizapo zamu hungoja miaka 14 kabla ya kurejewa nayo. Mabadilishano hufanyika tarehe 18 Januari. Mwaka 2024, kwa mfano, zamu ilishikwa na nyumba ya Puttige. Saa hiyo ifikapo, mkuu anayeondoka humkabidhi anayeingia funguo za hekalu, chungu kitakatifu cha chakula, na kijiko kikubwa cha kupakulia. Kwa Kiswahili, humkabidhi mwiko. Alama ya madaraka katika mji ule si upanga.

Wala mwiko huo hauangukii mikononi mwa mtu asiyejitayarisha. Kabla ya zamu, nyumba inayongoja hufanya sherehe nne kwa nyakati mbalimbali: hupanda migomba, huweka mchele, hupanga kuni, na huweka akiba ya mpunga. Migomba hutangulizwa kwa sababu wageni watakula juu ya majani yake, na mgomba haukui kwa hotuba.

Hapa mtu wa Afrika Mashariki hana budi kusimama na kufikiri. Katika Kiswahili cha siku hizi cheo chenye faida huitwa ulaji, na apataye madaraka husemwa kuwa zamu yake ya kula imefika. Huko Udupi zamu ipo na chakula kipo, ila kitenzi kimebadilika: ni zamu ya kulisha. Silabi moja iliyoongezeka imebeba falsafa nzima ya utawala. Mwenye zamu ya kula huingia na njaa, na hofu yake ni kwamba muda utakwisha kabla hajashiba. Mwenye zamu ya kulisha huingia akiwa amekwisha kupanda migomba, na hofu yake ni kwamba wageni watakuja wengi kuliko majani.

Msafiri akiingia katika ukumbi wa chakula huketi sakafuni kwenye safu ndefu. Hatoi ada. Hekalu hulisha maelfu ya watu kila siku bila malipo. Hupakuliwa wali, mchuzi wa dengu wenye ukwaju, mchuzi mwembamba wenye pilipili manga, mboga za maboga, nazi, kitu kitamu cha sukari guru, na mtindi mwembamba wa kuteremshia. Hamna nyama, samaki wala yai. Hamna kitunguu wala kitunguu saumu. Mpishi aliyenyimwa vitu hivyo alilazimika kuutafuta utamu penginepo, akauona katika nazi, katika bizari zilizokaangwa, katika matango na mabilingani. Bilingani la kijani la kijiji cha Mattu, karibu na mji, ambalo mapokeo husema mbegu yake ilitolewa na Vadiraja, limepewa ulinzi wa sheria kwa jina la mahali litokako. Kwa hiyo haifai kuudharau mwiko ukatazao. Mpishi aliyeondolewa njia moja alifungua nyingine kumi, na ulimwengu ukapata mapishi ambayo yasingalikuwako kama kila kitu kingaliruhusiwa.

Walakini miiko ya chakula haiko sawa. Upo mwiko wa kitu, na upo mwiko wa mtu. Asemaye, "Mimi sili kitunguu," amejifunga mwenyewe, na hapana aliyeumia. Asemaye, "Mimi sili pamoja na yule," amemfunga mwenziwe kwa kamba ambayo mwenziwe hakuisokota. Mwiko wa kwanza ni nidhamu ya nafsi. Mwiko wa pili ni hukumu juu ya nafsi ya mwingine, iliyotolewa kabla hajasema neno. Tena miiko hii miwili hupenda kufuatana, wa pili ukijificha nyuma ya wa kwanza, na hapo ndipo wenye akili wanapokosea kuipambanua.

Udupi yenyewe inayo hadithi juu ya jambo hili, na imeichonga ukutani. Katika karne ya 16 alikuwako mshairi mcha Mungu aitwaye Kanakadasa, mzaliwa wa jamii ya wachungaji. Kwa tabaka lake hakuruhusiwa kuingia hekaluni. Husimuliwa kwamba alisimama nje, upande wa nyuma, akaimba kwa machozi. Ukuta ukapasuka, na sanamu ya Krishna ikageuka kuelekea magharibi ili kumtazama. Dirisha lililoko upande huo hadi leo huitwa kwa jina la Kanaka. Na hata ndani, waumini humwona Krishna kwa kuchungulia katika matundu tisa ya dirisha dogo. Ajabu ya desturi hii ni kwamba tajiri na maskini, msomi na asiyesoma, wote humwona mungu kwa namna aliyomwona yule aliyefukuzwa.

Msikilizaji mwepesi atasema kwamba hadithi imekwisha vizuri. Haijaisha. Katika hadithi hiyo sanamu iligeuka, lakini mlango haukufunguka. Mungu alimwona Kanaka, ila watu waliolinda mlango walibaki mahali pao, na kesho yake mwingine wa tabaka lake angezuiwa kama kawaida. Ni rahisi kwa wanadamu kumwachia Mungu kazi ya kugeuka, wao wasigeuke. Muujiza ukitukuzwa kila mwaka bila kufuatwa na tendo huwa pazia la kuifunika dhuluma ambayo muujiza wenyewe ulikuja kuishtaki.

Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ilifuta desturi ya kumhesabu mtu kuwa najisi asiyegusika, na ikakataza mtu kuzuiwa kuingia madukani na katika nyumba za kulia chakula kwa sababu ya tabaka, dini au asili yake. Sheria hiyo ilifika mlangoni. Kufika kwenye safu ya mlo kulikuwa safari nyingine. Kwa miaka mingi Wabrahmani walitengewa mahali pao pa kulia katika hekalu la Udupi, na mwaka 2014 iliripotiwa habari ya mwanamke aliyeondolewa katika safu hiyo kwa sababu hakuwa wa tabaka hilo. Mwezi wa Oktoba 2016 waandamanaji waliingia Udupi wakidai mambo mawili pamoja: haki ya kuchagua chakula, na haki ya ardhi. Waliona sawasawa. Mtu asiye na mahali pa kukanyaga hana pia mahali pa kuketi.

Inafaa wapewe nafasi wanaoutetea utengano huo, kwa maana hoja isiyopingwa haijapimwa. Wao husema: hapana anayerudishwa na njaa. Chakula ni kilekile, chungu ni kilekile, baraka ni ileile. Wale walao peke yao hufanya hivyo kwa kutunza utakaso wa ibada yao, si kwa kuwachukia wengine. Mgeni amekuja kula, naye amekula. Adai nini zaidi?

Jibu ni kwamba hoja hii inamhesabu mgeni kuwa tumbo. Kama mtu angekuwa tumbo tupu, kumshibisha kungekuwa kumtimizia yote. Lakini mtu ana uso. Tumbo huuliza, "Nimepewa nini?" Uso huuliza, "Nimewekwa wapi?" Swali la kwanza hujibiwa na mwiko upakuao, swali la pili hujibiwa na mwiko ukatazao, na jibu la pili laweza kulifuta la kwanza. Ng'ombe naye hulishwa vizuri na mfugaji mwema, wala hapana aitaye malisho hayo heshima. Anayelishwa pasipo kuketishwa ameokolewa na njaa, nalo ni jambo kubwa. Ila amefundishwa wakati uleule kwamba yeye ni mtu wa kuonewa huruma na si wa kushirikiana naye.

Safu ya hekalu ilikuja kupata mshindani asiyetazamiwa, naye ni benchi la mkahawa. Katika karne ya 20 vijana maskini wa Udupi waliojua kupika walitoka kwenda kutafuta riziki mijini. Mmoja wao, K. Krishna Rao, alifika Madras, ambayo sasa huitwa Chennai, na katika miaka ya 1930 akaanzisha hoteli ya Woodlands. Jina la Udupi likaanza kuandikwa juu ya milango ya mikahawa katika miji mingi. Chakula chake mashuhuri ni dosa. Kama vitumbua vya pwani ya Uswahilini, dosa huanza kwa mchele ulolowekwa. Huchanganywa na choroko nyeusi, husagwa, huachwa usiku kucha uumuke, kisha hukaangwa mwembamba juu ya chuma. Kwa sarafu chache karani, mwanafunzi na kuli waliweza kula chakula cha hekalu bila kupita hekaluni. Mwanzoni mikahawa mingine nayo ilitenga mahali pa Wabrahmani, na mwaka 1957 huko Madras watu waliandamana mbele ya mkahawa mmoja wakitaka neno "Brahmin" liondolewe kwenye kibao chake. Polepole fedha ikashinda. Sarafu haina tabaka, na mwenye mkahawa hana wakati wa kuuliza ukoo wa mlaji ikiwa wengine wanangoja kiti.

Lakini fedha nayo ina mwiko wake, na huo haukuandikwa kibaoni. Hekalu lilimlisha asiye na kitu, ila likamtenga. Mkahawa humketisha kila mtu pamoja na mwenziwe, ila humfukuza asiye na kitu. Kila mmoja ameshika nusu ya wema akadhani ameshika wote. Ukarimu kamili ungetaka chakula cha hekalu juu ya benchi la mkahawa: kutolewa bila malipo, na kuliwa bila utengano.

Msafiri wa Mkwajuni atakaporudi kwao atalitazama upya benchi la mama lishe. Machimboni hukusanyika watu wa makabila mengi. Mbungu, Mnyiha, Mnyakyusa na Msukuma hukaa bega kwa bega, ugali na dagaa mbele yao, na aliyepata dhahabu jana hula karibu na aliyeambulia mawe. Asiye na fedha, kama ni mwaminifu, huandikwa daftarini. Daftari hilo ni jambo la kutafakari. Si sadaka, kwa maana deni litalipwa. Wala si biashara tupu, kwa maana hapana dhamana ila neno la mtu. Aliyeandikwa daftarini amelishwa na kuaminiwa kwa mkupuo mmoja, na kuaminiwa ni namna ya kuketishwa.

Hata hivyo asirudi na majivuno. Ni vyepesi kuiona safu ya Udupi kwa sababu imenyoshwa sakafuni, na ni vigumu kuiona safu ya nyumbani kwa sababu imezoeleka. Waswahili husifu sinia moja, mikono mingi ikikutana katika wali. Lakini katika miji ya pwani ya karne ya 19 mikono iliyoupika wali huo, ikiwa ya watumwa, haikuingia katika sinia la waungwana. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na sinia likafuata nyuma ya sheria kwa mwendo wa kobe. Katika misitu ya Uttara Kannada, wilaya inayopakana na Udupi kwa kaskazini, wanaishi Wasiddi, ambao wengi wao ni wazao wa Waafrika waliopelekwa India utumwani. Wao pia walifika kwa bahari kama ile sanamu ya Dwarka na kama ule mkwaju, ila hapana aliyetoka ufukoni kupunga nguo kwa ajili yao. Serikali ya India iliwaandika mwaka 2003 katika orodha ya makabila yapewayo ulinzi maalumu. Kabla ya hapo walikuwa wageni wa karne nyingi wasiojibiwa hodi.

Na leo, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, nyumba za watu waliosoma, wasalio na kusema vizuri juu ya haki, yuko msichana wa kazi. Yeye ndiye aliyechambua mchele, akakaanga kitunguu, akapika pilau ambayo wageni wanaisifu. Ameshika mwiko upakuao tangu asubuhi. Wageni wanapokaribishwa mezani yeye huenda jikoni, akala kilichobaki, ameketi juu ya kigoda karibu na jiko. Hapana anayemnyima chakula. Mwenye nyumba akiulizwa atajibu kwa haraka, na kwa kweli, kwamba mtoto huyo hushiba. Jibu hilo ni lilelile la watetezi wa safu ya Udupi, neno kwa neno, na mwenye kulitoa hajapata kufika India.

Kwa hiyo swali lililoulizwa mwanzo linapata jibu lake. Kumlisha mtu si kumheshimu; ni kuanza kumheshimu, na mwanzo usioendelea huharibika kama unga wa dosa uliosahauliwa ukachacha kupita kiasi. Wala jibu halimtaki mtu aache miiko yake yote. Asiyekula kitunguu na asile kitunguu. Asiyekula nguruwe na asile nguruwe. Jibu lamtaka kila mwenye sufuria aichunguze miiko yake mmoja mmoja, na kuuliza kwa kila mmoja: huu unanifunga mimi, au unamfunga mwenzangu? Ule unaomfunga mwenyewe na aushike kwa adabu. Ule unaomfunga mwingine na auvunje, wala asingoje sanamu igeuke.

Kipimo chenyewe ni rahisi, hakihitaji safari ya ng'ambo. Siku pilau itakapoiva na wageni watakapokuwa wamenawa, mwenye nyumba na ahesabu viti, kisha atazame kama amemhesabu na aliyepika.